Picha za arusi hupotea mezani, si uwanjani

Mara nyingi katika ukurasa huu tumezungumza juu ya arusi zetu: mahari, mavazi, vyakula, na gharama zisizo na kiasi. Leo nataka kuzungumza juu ya jambo ambalo watu hulikumbuka baada ya pilau kwisha na mahema kufunguliwa, nalo ni zile picha za video. Sisemi juu ya upigaji wake. Wapigaji hodari tunao, na kamera nzuri zimejaa. Nasema juu ya kazi inayofuata, pale fundi anapoketi mbele ya kompyuta akaanza kuchagua, kukata na kuunga. Kwa maoni yangu hapo ndipo kumbukumbu zetu nyingi zinapopotelea, na zinapotea kwa makosa madogo madogo ambayo mwenye arusi angaliweza kuyazuia lau angalijua la kuuliza.

Mimi mwenyewe sikujua la kuuliza. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliolewa na kijana Mwislamu wa Nyamira aliyekuwa akifanya kazi Mombasa. Akdi ilifungwa huku kwetu, na wiki moja baadaye tukasafiri hadi Nyamira kumpeleka bibi arusi kwa wakwe zake. Kwa wasioijua, Nyamira ni nchi ya vilima, majani ya chai na migomba, si mbali na Kisii mjini, na mvua yake ya alasiri mara nyingi huja na radi. Aliyetuongoza safari ile alikuwa shangazi yetu, mwanamke aliyepita miaka themanini. Pale chini ya hema aliinuka, akamshika bibi arusi mkono, akazungumza na wakwe, kisha akaomba dua ndefu kwa ile lafudhi ya Kimvita cha kale ambayo siku hizi huisikii ila kwa watu wa umri wake. Watu wa Nyamira, wengi wao Wakristo, walikaa kimya wakamsikiliza mpaka mwisho. Miezi minne baadaye shangazi akafariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Filamu ya arusi ikaletwa. Ilikuwa ya dakika 50 na ya kupendeza macho: droni inapaa juu ya majani ya chai, magari yanapanda mlima taratibu, bibi arusi anateremka. Lakini dua ya shangazi haimo. Unamwona amesimama, mdomo unacheza, na juu ya sauti yake fundi amemwaga muziki. Tukaomba picha za asili. Fundi yule, ambaye sitamtaja yeye wala mji wake, akatuambia kadi zilikwisha futwa, kwani Jumamosi iliyofuata alikuwa na arusi nyingine. Kilichobaki ni diski moja ya nje, akatupa. Tulipoifungua Mombasa kwa kijana jirani yetu, kila tulipobonyeza ilitokea skrini nyekundu tupu yenye maneno ya lugha nyingi kwamba picha hazionekani. Dada yangu alilia siku ile kama aliyefiwa mara ya pili.

Basi nilipokwenda Nyamira kwa akika ya mtoto wa mpwa wangu niliichukua diski ile mfukoni. Mume wake akanipeleka kwa kijana mmoja mwenye chumba kidogo karibu na soko, ambaye kazi yake ni kuhariri video za nyimbo za kanisani, mazishi, na wapigaji wa obokano, ile ala kubwa ya nyuzi nane ya Wagusii. Chumba chenyewe kilikuwa na laptopu ya zamani, spika mbili na kalenda ya kiwanda cha chai. Nakiri kwamba moyo wangu ulishuka. Nilitazamia mitambo.

"Tata," akaniambia, kwani huko ndivyo wanavyomwita baba, "picha zenu huenda zimo humu humu. Kompyuta ndiyo haijui zilipo."

Akanieleza jambo ambalo nadhani kila mwenye arusi angelijua. Fundi anapohariri kwa programu kama Adobe Premiere Pro au DaVinci Resolve, lile faili la kazi analolihifadhi halina picha ndani yake hata moja. Ni daftari tu la maagizo: chukua picha fulani iliyo katika folda fulani ya diski fulani, anzia sekunde hii, koma sekunde ile. Ukibadilisha jina la folda, au ukiihamisha, au diski ikichomekwa katika kompyuta nyingine ikapewa herufi nyingine, daftari linakwenda mahali palepale pa zamani na halikuti kitu. Ndipo skrini inapokuwa nyekundu. Dawa yake si kuhariri upya. Ni kuiambia programu mahali picha zilipohamia. Ukiionesha moja, mara nyingi nyingine zilizo katika folda hiyo hiyo huzipata yenyewe.

Kwetu sisi tabu ilikuwa kubwa zaidi, kwani fundi wa kwanza alikuwa amechomoa picha moja moja kutoka kwenye kadi na kuzipa majina anayoyajua yeye. Kijana wa Nyamira alikaa saa nzima akilinganisha tarehe, urefu na ukubwa wa kila faili. Akanionya kwamba kamera nyingi huikata hotuba ndefu vipande vipande, kila kipande gigabaiti 4, na ndani ya kadi mna folda ndogo ndogo zinazoonekana hazina maana lakini ndizo zinazosema kipi kinatangulia kipi. Mwenye haraka huchukua zile anazozitambua na kuacha nyingine. Yafaa kadi inakiliwe yote kama ilivyo, pamoja na makorokoro yake, katika folda yenye tarehe na jina la shughuli, kisha majina hayo yasiguswe tena mpaka kazi imekwisha.

Nikamwuliza je, zile kadi zilizofutwa haziwezi kurudishwa? Akasema kufuta kadi ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo katika kitabu. Maandishi bado yamo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo mtu akifuta kwa bahati mbaya, na asiipige kadi ile picha hata moja zaidi, kuna programu kama PhotoRec, tena ya bure, inayoweza kuchimbua mengi. Lakini kadi zetu zilikuwa zimekwisha kupiga arusi za watu wengine tangu zamani zile.

Alhamdulillahi, picha za hema tukazipata. Tukaziangalia kwa hamu. Shangazi akainuka, akamshika bibi arusi mkono, akaanza kuzungumza, na kabla hajaifikia dua picha ikakatika. Nikadhani fundi kaikata. Kijana akaangalia urefu wa faili: dakika 29 na sekunde 59. Kumbe kamera nyingi za picha za kawaida zilitengenezwa zisimame zenyewe kabla ya kutimia nusu saa, kwa sababu katika nchi za Ulaya chombo kinachorekodi video dakika 30 au zaidi kilihesabiwa kuwa kamera ya video na kutozwa ushuru mkubwa zaidi. Nyingi za siku hizi hazina kikomo hicho, ila zile za zamani bado zimo mikononi mwa mafundi wetu. Fikiri, msomaji: ushuru wa Ulaya umekata dua ya bibi kizee chini ya hema Nyamira! Mpigaji alikuwa aangalie saa yake na kubonyeza upya. Hakuangalia. Na yeyote anayepiga maulidi au darasa la msikitini na aijue kamera yake kwanza.

Ilibaki simu ya binamu yangu. Yeye alikuwa amerekodi dua nzima, na tangu zamani alikuwa ametutumia kwa WhatsApp, lakini ile tuliyoipokea ilikuwa imebanwa mpaka uso wa shangazi umekuwa kama unga. WhatsApp huipunguza video ili ipite upesi. Ya asili ilikuwa bado imo katika simu, naye binamu, kwa bahati, alikuja kwenye akika. Tukaihamisha kwa waya.

Hapa tena likatokea la ajabu. Ilipowekwa kwenye programu, mwanzoni maneno na midomo yalikwenda pamoja, na kila dakika ilivyopita sauti ikazidi kuiacha picha, mpaka mwisho shangazi anasema "amina" na mdomo wake bado uko katikati ya dua. Kijana hakushangaa. Alisema hilo ndilo kosa linalomletea wateja wengi kuliko yote. Kamera ya kazi hupiga idadi ileile ya fremu kila sekunde, kwa mfano 25. Simu haifanyi hivyo. Mwanga ukipungua au ikipata joto, sekunde moja hupiga 30, nyingine 27, nyingine 24, huku sauti ikienda kwa mwendo wake wa sawasawa. Programu ya kuhariri ikihesabu fremu kana kwamba zimelingana, picha na sauti huachana. Wengi huketi wakaikata sauti vipande na kuisogezasogeza, kazi ya siku mbili isiyokwisha. Yeye aliipitisha video ile kwanza katika programu ya bure iitwayo HandBrake, akaiamuru itoe fremu 25 kamili kwa kila sekunde, kisha ndipo akaiingiza. Kwa dakika ishirini hivi mambo yakawa yamenyoka.

Kwa nini 25 na si 30? Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na televisheni za Kenya zilirithi hesabu ya 25 inayokwenda nao. Marekani umeme ni wa mizunguko 60 na hesabu yao ni karibu 30. Ukipiga kwa hesabu ya Marekani chini ya taa zetu za ukumbini, mara nyingi utaona mistari ikipandapanda. Mafundi wawili wa arusi moja, mmoja akipiga 25 na mwenzake 30, wanamwachia mhariri mzigo ambao hakuupakia yeye. Wangepatana kabla ya kutoka nyumbani.

Laptopu ile ya zamani ilikuwa ikikwama. Picha za siku hizi zimebanwa mno. Badala ya kuhifadhi kila fremu kamili, faili huhifadhi moja kisha mabadiliko tu ya zinazofuata, na kompyuta inalazimika kuzijenga upya kila unapozigusa. Kijana hakuzungumza habari ya kununua mashine mpya. Aliitengenezea kila picha nakala nyepesi, ndogo, akahariri kwa hizo nyepesi, na wakati wa kutoa kazi programu ikarudi yenyewe kwenye zile za asili. Nimewahi kuwasikia mafundi wa Mombasa wakilalamika kuwa hawana kompyuta za maana. Sasa nawatazama kwa jicho jingine.

Saa tisa mvua ikashuka, radi ikapiga, na stima ikapotea. Niliishika diski kwa mikono miwili kana kwamba nayo ingezimika! Yeye alikuwa amekwisha chomoa nyaya zote kutoka ukutani tangu wingu lilipotanda, anafanya kazi kwa betri, na programu ameiamrisha ijihifadhi kila dakika 5, tena si katika diski yenye picha bali katika nyingine. Tulikunywa chai mpaka stima iliporudi. Baadaye, wakati wa kutoa kazi, kompyuta ikakataa katikati, mara mbili, mahali palepale. Hakuanza upya. Alikwenda kwenye dakika ileile, akakuta kipande kimoja kibovu, akakiondoa na kukiweka upya, ikapita. Na tulipotaka kunakili filamu kwenye flashi, ikatwambia faili ni kubwa mno ijapokuwa flashi ilikuwa tupu, kwa sababu mpangilio wa zamani uitwao FAT32 haupokei faili linalozidi gigabaiti 4. Akaipanga flashi upya kwa exFAT. Hayo ni madogo, lakini nimeona watu wakirudisha flashi dukani kwa sababu hiyo.

Sasa nije kwenye maoni yangu. Zamani, filamu zilipokuwa za utepe, mkataji hakuikata ile ya asili. Ilisafishwa nakala ya kazi, akakata hiyo kwa wembe na kuiunga, na negativu ikakaa imefungiwa mpaka kila mtu ameridhika. Hata kwenye kanda za VHS za miaka ya 1980 na 1990, fundi aliyehariri alihamisha kutoka kanda hadi kanda, na ile ya kwanza ikabaki, ijapokuwa nyingi katika nyumba zetu za pwani zimeota ukungu. Tangu mwaka 1989 ilipotoka mashine ya Avid, na Premiere mwaka 1991, kukata kumekuwa kwa kompyuta na hakuharibu kitu. Fundi anaweza kurudi nyuma mara mia. Ila urahisi huo umewafanya wengi wasahau kuweka ya asili. Kadi ni ghali, nafasi ni ndogo, Jumamosi inakuja. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 64 haifiki saa moja na nusu. Arusi ya saa tano kwa kamera mbili ni gigabaiti 450. Naelewa kwa nini fundi anafuta. Sielewi kwa nini sisi tunaolipa hatujawahi kusema lolote.

Tunapatana naye juu ya droni, juu ya albamu, juu ya idadi ya picha zitakazochapwa. Tupatane naye pia kwamba kadi haifutwi mpaka picha zimo katika diski mbili mbalimbali, na kila moja imefunguliwa na kutazamwa mwanzo, kati na mwisho. Na kwamba diski moja kati ya hizo ni mali ya mwenye arusi, inunuliwe kwa fedha za arusi, na ikabidhiwe pamoja na filamu. Atakayesema gharama zitazidi, basi apunguze keki. Filamu ya dakika 50 ni maoni ya fundi juu ya arusi yako. Yeye hakumjua shangazi. Hakuwa na njia ya kujua kwamba katika saa zote zile kilichokuwa na thamani kuliko vyote ni dakika sita za bibi kizee anayeomba dua.

Na liko jambo la pili, zito zaidi, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kijana yule alipokuwa akitafuta picha katika diski alifungua folda moja, na kabla sijatambua ni nini akaigeuza laptopu ukutani. "Tata, hizi nadhani ni za kina mama," akasema. Zilikuwa picha za kesha la Mombasa, wanawake watupu, bila buibui wala mtandio, zilizopigwa na mwanamke kwa sharti kwamba hakuna mwanamume atakayeziona. Sisi wenyewe, kwa kutaka filamu moja ya yote, tulimpa fundi mwanamume kadi zote pamoja. Amezitazama, amezikata, na nakala sijui ngapi zimebaki katika mashine zake. Huyu kijana Mkristo wa Nyamira, ambaye hakuna aliyemwambia lolote juu ya stara yetu, alikuwa na haya kuliko sisi tuliozipeleka.

Tusimlaumu mwingine. Upigaji tumeuwekea ulinzi, mlangoni tunaweka mlinzi na simu tunazizuia, kisha kadi yenyewe tunamkabidhi mtu kwenye bahasha. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa ni habari yake binafsi, lakini mpaka ufike kwenye sheria picha zimekwisha toka. Shughuli ya wanawake iwe na kadi yake, diski yake na mhariri wake mwanamke, na isichanganywe na ile nyingine hata kwa siku moja. Mabinti zetu wanaoijua kazi hii wapo, na wasiokuwapo wafunzwe. DaVinci Resolve ina toleo la bure, na laptopu niliyoiona Nyamira ni ya kawaida kabisa.

Mpwa wangu aliitwa siku ileile, akaja na mtoto mgongoni, akaketi peke yake na mke wa yule kijana wakahamisha folda ile hadi diski yake, na kwenye ile yangu wakaifuta. Dua ya shangazi imetoka dakika sita na nusu, picha ya kamera mwanzoni na ya simu baadaye, na rangi hazilingani sana. Nakala moja iko Nyamira, nyingine katika kabati la dada yangu Mombasa. Folda ya kesha ni ya dakika arobaini, nimeambiwa. Mimi sijaiona.